EMT na paramediki: Wanashuka ambulensi moja, lakini kazi zao si sawa

Ambulensi imefika, king'ora kimezimwa. Watu wawili wanashuka na begi, mtungi wa oksijeni na machela. Sare zao zinafanana, buti zinafanana, hata haraka yao inafanana. Kwa mgonjwa aliyelala sakafuni na ndugu waliomzunguka, hao wote ni "watu wa ambulensi" tu.

Kumbe huenda mmoja alisomea kazi hiyo kwa wiki chache na mwenzake kwa mwaka mmoja au miwili. Mmoja anaruhusiwa kumpa mgonjwa aspirini na kumwekea oksijeni. Mwenzake anaruhusiwa kumtia mrija kwenye njia ya hewa, kumchoma dawa kali ya maumivu na kurekebisha mapigo ya moyo kwa umeme.

Wa kwanza ni EMT. Wa pili ni paramediki. Hata Marekani, ambako mfumo huu umejengeka kwa zaidi ya miaka 50, watu wengi huwachanganya. Hizi ndizo tofauti zao, na kwa nini zina maana kwa mgonjwa, kwa anayetaka kuisomea kazi hii na kwa anayelipa bili.

Ngazi nne, si mbili

EMT ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya fundi wa huduma za tiba ya dharura. Kitaifa, Marekani inatambua ngazi nne za wahudumu wa dharura wanaofanya kazi nje ya hospitali:

1. EMR: huyu ndiye wa kwanza kufika, mara nyingi askari au mtu wa zimamoto, na kazi yake ni kumweka mgonjwa hai hadi wenzake wafike.

2. EMT: ndiye mhimili wa ambulensi nyingi.

3. AEMT: huyu ni EMT aliyeongezewa ujuzi, kwa mfano kuweka dripu na kutoa dawa kadhaa.

4. Paramediki: ngazi ya juu kabisa.

Mkanganyiko wa majina una historia yake. Zamani ngazi tatu za juu zote zilibeba jina la EMT: kulikuwa na EMT wa msingi, EMT wa kati na EMT-paramediki. Majina yalibadilishwa baada ya mfumo kupangwa upya miaka ya 2000, na paramediki akabaki na jina lake peke yake.

Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: paramediki hupitia kwanza EMT, lakini si kila EMT ni paramediki.

Mmoja alizaliwa barabarani, mwingine moyoni

Fani hizi mbili hazikuanza kwa sababu moja.

Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti iliyowashtua wengi. Ilieleza kwamba mwaka 1965 pekee ajali za kila aina ziliua watu 107,000 nchini humo. Wakati huo karibu nusu ya huduma za ambulensi ziliendeshwa na wenye biashara za mazishi. Sababu ilikuwa rahisi: wao ndio waliokuwa na magari marefu ya kumlaza mtu. Aliyepanda na mgonjwa mara nyingi hakuwa na mafunzo ya maana.

Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya usalama barabarani, na Wizara ya Uchukuzi ikapewa jukumu la kuinua viwango vya ambulensi. Hapo ndipo mtaala wa EMT ulipochipuka. Mpaka leo, ofisi ya serikali kuu inayosimamia fani hii iko chini ya uchukuzi, si chini ya wizara ya afya.

Paramediki alikuja kwa njia ya moyo. Mwaka huohuo wa 1966, daktari Frank Pantridge alianzisha huko Belfast, Ireland ya Kaskazini, gari lililopeleka matibabu ya moyo hadi nyumbani kwa mgonjwa. Madaktari wa Marekani waliliiga wazo hilo, wakaenda hatua moja zaidi: badala ya kumpakia daktari garini, wakawafundisha watu wasio madaktari kufanya kazi hiyo. Mwaka 1970 gavana wa California, Ronald Reagan, alisaini sheria iliyowaruhusu paramediki kutoa matibabu hayo.

Pittsburgh nako kulikuwa na Freedom House, huduma ya ambulensi iliyoanzishwa mwaka 1967 kwa kuwafunza wakazi weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa hawana ajira. Aliyepanga mafunzo yao ni daktari Peter Safar, mmoja wa waanzilishi wa CPR, yaani kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Baadaye daktari Nancy Caroline alitumia uzoefu wa huko kuandaa mtaala wa paramediki uliotumika nchi nzima. Huduma yenyewe ilifungwa mwaka 1975, jiji lilipoanzisha ambulensi zake.

Darasani: saa 150 dhidi ya saa 1,200

Tofauti ya kwanza iko kwenye saa za mafunzo.

Kozi ya EMT huchukua takribani saa 150 hadi 190. Ukisoma kutwa, saa nane kwa siku, ni kama wiki nne au tano. Wengi huisoma jioni kwa muhula mmoja katika chuo cha jamii. Kwa kawaida mwanafunzi anatakiwa awe amemaliza sekondari na awe na cheti cha CPR. Anafundishwa kupima hali ya mgonjwa, kufungua njia ya hewa, kuzuia damu, kufunga banzi mfupa uliovunjika, kusaidia mama anayejifungua na kumbeba mgonjwa bila kumuumiza zaidi.

AEMT hufikisha kama saa 400.

Paramediki huanzia takribani saa 1,200, na programu nyingi huzidi hapo. Kwa kawaida ni mwaka mmoja hadi miwili. Anasoma anatomia, jinsi mwili unavyofanya kazi, dawa na vipimo vyake, na usomaji wa ECG. Kisha anapelekwa wodini, chumba cha upasuaji, chumba cha kujifungulia na ndani ya ambulensi, akifanya kazi chini ya jicho la msimamizi. Tangu mwaka 2013, anayetaka cheti cha kitaifa cha paramediki lazima awe amesoma kwenye programu iliyokaguliwa na kuidhinishwa kitaifa au iliyo katika hatua za kuidhinishwa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya Marekani haimlazimishi paramediki kuwa na shahada. Wengi huhitimu kwa cheti tu, wengine kwa shahada ya miaka miwili. Jimbo la Oregon linajulikana kwa kudai shahada hiyo.

Kazini: nani anaamua?

Ukitaka kuiona tofauti yao vizuri, chukua mfano wa mwanamume wa miaka 58 anayelalamika kifua kimembana, jasho linamtoka.

Akifika EMT, atampima presha na mapigo, atamwekea oksijeni ikihitajika na kumpa aspirini atafune. Kama mgonjwa ana dawa yake ya moyo aliyoandikiwa na daktari, EMT anaweza kumsaidia kuitumia. Sehemu nyingi anaweza pia kubandika nyaya za ECG na kuutuma mchoro hospitalini. Ila kuusoma na kusema "huyu ana mshtuko wa moyo" si kazi yake.

Akifika paramediki, atafanya hayo yote, kisha atausoma mchoro mwenyewe. Akiona dalili za mshipa wa moyo ulioziba, anapiga simu hospitali ili timu ya moyo ijiandae kabla mgonjwa hajafika. Anamwekea dripu, anampa dawa, na mapigo yakivurugika njiani anachagua mwenyewe kama ni ya kutibiwa kwa sindano au kwa umeme.

Hata mashine ya kushtua moyo wanaitumia tofauti. Ile ya EMT husoma mapigo yenyewe na kumwambia abonyeze au asibonyeze. Paramediki huangalia kioo, akaamua mwenyewe ashtue au la, na kwa nguvu kiasi gani.

Kwa kifupi:

• Sukari ikishuka: EMT humpa glukosi ya kumeza mgonjwa mwenye fahamu. Paramediki huiingiza kwenye mshipa hata kama mgonjwa amezimia.

• Mzio mkali: EMT hutumia peni ya adrenalini yenye kipimo kilichopangwa tayari. Paramediki hupima dozi mwenyewe na kuongeza dawa nyingine.

• Kushindwa kupumua: EMT hutumia barakoa na mfuko wa kusukuma hewa. Paramediki anaweza kuingiza mrija hadi kwenye koromeo la hewa.

• Hewa ikijaa kifuani baada ya ajali na kubana pafu: paramediki anaweza kuichoma sindano itoke. EMT haruhusiwi.

• Maumivu makali: paramediki anaweza kutoa dawa kali kama mofini au fentanili. EMT haruhusiwi.

• Aliyezidisha dawa za jamii ya afyuni: hapa wote wawili wanaruhusiwa kutoa naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi.

Orodha hii hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, maana mwongozo wa kitaifa ni wa kupendekeza tu. Kila jimbo lina sheria zake.

Cheti si leseni

Hapa ndipo wanafunzi wengi, hasa wageni, hujikuta wamekwama.

Shirika linaloitwa National Registry, lililoanzishwa mwaka 1970 na lenye makao yake Columbus, Ohio, ndilo linalotoa mtihani na cheti cha kitaifa. Lakini cheti hicho pekee hakikuruhusu kupanda ambulensi. Ruhusa inatoka kwa jimbo, kwa njia ya leseni. Ukihama jimbo, kwa kawaida unaomba upya, ingawa majimbo zaidi ya 20 yameungana katika makubaliano ya kutambua leseni za wenzao.

Cheti nacho hakidumu milele. Kila baada ya miaka miwili, EMT anayekihuisha kwa njia ya masomo anatakiwa kuonyesha saa 40 za kujiendeleza, AEMT saa 50 na paramediki saa 60.

Na hata mwenye leseni hafanyi kazi kwa hiari yake. Nyuma ya kila ambulensi yuko daktari msimamizi ambaye mgonjwa hamwoni. Yeye ndiye anayeidhinisha mwongozo: ukikuta dalili hizi, toa dawa hii, kwa kiasi hiki. Likitokea jambo lisilo kwenye mwongozo, mhudumu hupiga simu hospitali kuomba maelekezo. EMT na paramediki wote wako chini ya utaratibu huu. Paramediki ana uwanja mpana zaidi tu.

Uwezo mkubwa, lawama kubwa

Uwanja mpana una gharama yake. Agosti 2019, katika mji wa Aurora, Colorado, kijana mweusi wa miaka 23, Elijah McClain, alisimamishwa na polisi akitembea kurudi nyumbani. Alikabwa shingo na kulazwa chini. Paramediki waliofika walimchoma miligramu 500 za ketamini, dawa ya usingizi, wakiwa wamemkadiria uzito mkubwa kuliko aliokuwa nao. Moyo wake ulisimama akiwa njiani kwenda hospitali, na siku chache baadaye akafariki.

Desemba 2023 mahakama iliwatia hatiani paramediki wawili kwa kosa la kusababisha kifo kwa uzembe. Kesi hiyo iliitikisa fani nzima, kwa sababu ni nadra wahudumu wa ambulensi kufikishwa kwenye mahakama ya jinai kwa matibabu waliyotoa.

EMT hawezi kufanya kosa la namna hiyo, kwa sababu sindano hiyo haimo kwenye begi lake. Saa 1,200 za darasani zinamfundisha mtu kutoa dawa. Zinamfundisha pia kumpima mgonjwa kabla ya kumchoma, kumwangalia baada ya kumchoma, na kujua wakati wa kutomchoma kabisa.

Mshahara na heshima

Kwa takwimu za serikali za Mei 2023, mshahara wa kati wa EMT Marekani ulikuwa dola 38,930 kwa mwaka, na wa paramediki dola 53,180. Tofauti ni zaidi ya dola 14,000. Muuguzi aliyesajiliwa huwazidi wote wawili kwa mbali, na ndiyo maana wengi huitumia ambulensi kama daraja la kwenda kwenye uuguzi, udaktari au zimamoto.

Heshima nayo ni suala gumu. Ukitaka kumuudhi mmoja wao, mwite "dereva wa ambulensi". Kweli kuna anayeendesha, lakini huyohuyo dakika tano zilizopita alikuwa amepiga magoti akimkandamiza mtu kifua.

Mfumo wa malipo unachangia dharau hiyo. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa kawaida hulipa pale mgonjwa anaposafirishwa. Wahudumu wakimtibu mtu nyumbani akapata nafuu akabaki kwake, mara nyingi hakuna malipo. Na bili yenyewe hutegemea ngazi: safari yenye huduma za juu za paramediki hutozwa zaidi ya ile ya huduma za msingi.

Je, paramediki ndiye bora siku zote?

Jibu linashangaza kidogo.

Huko Ontario, Kanada, watafiti waliangalia nini kilitokea pale huduma za juu za paramediki zilipoongezwa kwenye mfumo ambao tayari ulikuwa na mashine za kushtua moyo zinazofika haraka. Matokeo ya mwaka 2004, yaliyohusu wagonjwa 5,638 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, yalionyesha kwamba waliopona hadi kuruhusiwa hospitalini walitoka asilimia 5.0 hadi 5.1 tu. Yaani karibu hakuna badiliko. Kilichookoa watu ni mambo ya msingi: mpita njia aliyeanza CPR mapema na mashine iliyofika upesi.

Lakini watafiti haohao walipoangalia wagonjwa wa shida ya kupumua, mwaka 2007, walikuta vifo vimeshuka kutoka asilimia 14.3 hadi 12.4 baada ya huduma za juu kuongezwa. Hapo ujuzi wa ziada ulionekana faida yake.

Kwa hiyo moyo ukisimama, EMT anayefika baada ya dakika nne ana thamani kuliko paramediki anayefika baada ya dakika kumi na tano. Lakini kwa mwenye pumu iliyomzidia, au mwenye maumivu yasiyovumilika safarini, paramediki hubadilisha mambo.

Nchi nyingine je?

Uingereza imeenda njia tofauti. Huko jina la paramediki linalindwa na sheria: hakuna anayeruhusiwa kulitumia bila kusajiliwa na baraza la taaluma za afya. Tangu Septemba 2021, kiwango cha kuingilia kazi hiyo kimepandishwa hadi shahada ya kwanza. Tangu 2018, paramediki waliobobea na kupata mafunzo maalumu wanaweza hata kuandika dawa. Kwa hadhi, paramediki wa London yuko karibu na muuguzi au mtaalamu wa viungo kuliko mwenzake wa Marekani.

Kenya imechukua jina la EMT, na vyuo kadhaa hufundisha kozi hiyo. Katiba ya 2010, ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Lakini haki hiyo inaanza pale mtu mwenye ujuzi anapomfikia mgonjwa, na wengi bado hufikishwa hospitalini kwa teksi, bodaboda au gari la jirani. Tanzania, mgonjwa wa rufaa mara nyingi husindikizwa na nesi wa kituo alikotoka.

Kwa Mswahili aliyehamia Marekani, EMT ni moja ya milango mifupi ya kuingia sekta ya afya. Ila cheti cha huduma ya kwanza alichopata nyumbani hakimfanyi kuwa EMT. Kozi, mtihani na leseni ya jimbo ni lazima.

Ukipiga simu ya dharura

Huna haja ya kuomba "nileteeni paramediki". Anayepokea simu ndiye anayepanga nani atumwe, kulingana na unachomweleza. Hivyo kazi yako ni kumweleza vizuri:

• Taja mahali ulipo kwanza. Simu ikikatika, angalau wanajua pa kuja.

• Sema kama mgonjwa ana fahamu na kama anapumua. Majibu haya mawili yanaweza kubadilisha aina ya gari linalotumwa.

• Usikate simu kabla hujaambiwa. Anayepokea anaweza kukuelekeza jinsi ya kufanya CPR wakati gari liko njiani.

• Weka tayari dawa anazotumia mgonjwa, sema kama ana mzio wowote, na kumbuka saa dalili zilipoanza. Kwa kiharusi, saa hiyo inaweza kuamua kama atapata dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.

Wakishafika, ni halali kumuuliza kila mmoja ngazi yake na anataka kufanya nini. EMT mzuri atakueleza bila kona. Paramediki mzuri vilevile, na atafanya hivyo kabla sindano haijaingia.